Yai Lisiloona Sufuria

Katika kijiji cha Nyasini, ng'ambo ya mto Nzoia, mayai ya kware yalikuwa mayai tu mpaka asubuhi Kasuku alipolipwa. Yalikuwa madogo, yenye madoadoa, na waliokuwa wakiyajali ni kware wenyewe na nyoka. Asubuhi hiyo Kasuku alipanda mvule wa sokoni akatangaza kwamba yai la kware linashusha presha, linatibu kisukari, linafungua kifua, linakausha vidonda vya tumbo, linawapa watoto akili za hesabu na kuwarudishia wazee ujana. Alitaja magonjwa 14 bila kumeza mate, na kila aliyepita chini ya mti alisikia la kwake. Punda alisikia mgongo. Mbuzi alisikia gesi. Kisha Kasuku akajaza alizeti mdomoni na kumalizia kwa neno moja refu: vigezonamashartikuzingatiwa.

Bi Kware alikuwa majanini, chini kabisa ya mti huo. Ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kwamba yeye ni dawa.

"Mama yangu alikalia mayai maisha yake yote," alimwambia jirani yake Kuku, "na kifua ndicho kilichomwua."

Kuku hakuwa na muda wa marehemu. Alikuwa anapiga hesabu. "Yai lako lina gramu kama 10, shoga yangu. Langu lina 50 na ushee. Ndani ni kitu kilekile, ute na kiini. Langu nauza shilingi 10, lako limetangazwa 100. Kwa hiyo atakayetaka kula uzito wa yai langu moja atoe 500?"

Hesabu hiyo aliirudia sokoni, kisimani na penye mashine ya kusaga. Kijiji kilimjibu kwa sauti moja: Kuku ana wivu wa biashara. Na kweli alikuwa nao, tena mwingi. Usiku alikuwa halali. Ila 500 haikuacha kuwa 500 kwa sababu aliyeitaja alikuwa na wivu.

Aliyemlipa Kasuku aliitwa Nguchiro. Alikuja na koti, miwani ya jua na kitabu cha risiti kisicho na jina la kampuni. Wazee walijua ukoo wa nguchiro una historia gani na mayai, lakini huyu alisema mambo hayo ameyaacha, siku hizi ni mwekezaji. Akakodi kibanda na kubandika bango.

Bango lile lilistahili kusomwa taratibu, na hakuna aliyelisoma hivyo. Juu palikuwa na picha ya Bi Kware, ambaye hakuombwa ruhusa. Katikati alisimama Yangeyange akiwa ameshika yai, na chini yake maandishi: "Mtaalamu athibitisha." Yangeyange ni mweupe tangu kuota manyoya, kazi yake ni kufuata ng'ombe malishoni akiokota panzi. Bango halikusema kwamba ni daktari. Halikutaja hospitali, wala alichothibitisha. Weupe ulitosha, mengine wanyama waliyajaza wenyewe vichwani mwao, na mimi nadhani huo ndio uongo uliotengenezwa kwa ufundi kuliko wote, kwa kuwa aliyeutamka ni msomaji. Pembeni palikuwa na bei: 8,000 imekatwa kwa mstari mwekundu, chini yake 6,000. Hakuna aliyeuliza ni lini na wapi kizimba cha kware kiliwahi kuuzwa 8,000. Mwisho kabisa: "Nafasi 20 tu zimebaki!" Jumatatu zilikuwa zimebaki 20. Alhamisi, baada ya nusu ya kijiji kulipa, zilikuwa zimebaki 20.

Nguchiro mwenyewe hakuwa anauza mayai. Kula mayai, aliwaambia, ni mambo ya maskini. Nyinyi mtakuwa wenye mayai. Kwa shilingi 6,000 mtu alipata kizimba cha waya chenye kware 10, majike 8 na madume 2, pamoja na mkataba kwamba Nguchiro atanunua kila yai kwa shilingi 50, iwe mvua iwe jua. Akaandika ubaoni kwa chaki: majike 8, mayai 25 kwa mwezi, mara 50. Jumla 10,000. Mwezi mmoja tu, mtaji umerudi na 4,000 juu yake. Hesabu ilikuwa sahihi. Kila mmoja aliihakiki kwa kucha zake, na kwa kuwa ilikuwa sahihi waliona hakuna tena cha kuuliza.

Bi Kware aliona kipo. Alinyoosha shingo akauliza, "Hayo mayai unampelekea nani?"

"Soko la nje."

"Nje wapi?"

"Nje," akasema Nguchiro, akavua miwani ili aonekane akicheka. "Mama, wewe ndiye bidhaa. Tangu lini bidhaa ikauliza maswali?"

Kundi zima likacheka, na Bi Kware akarudi majanini akiwa na swali lake. Alikuwa na jingine ambalo hakupata nafasi ya kulitoa. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18. Kifaranga jike, akilishwa vizuri kizimbani, huanza kutaga kabla hajatimiza miezi miwili. Kitu kinachozaana kwa kasi hiyo, na kila mtu anauziwa mbegu yake, kitabakije adimu hadi kiuzwe 100?

Wa kwanza kulipa alikuwa Sungura. Wasimulizi wetu wamemsifu Sungura kwa werevu mpaka ameamini, na safari hii werevu wake ulifanya kazi barabara. Alijua kwamba huu ni mtego. Alimwambia mkewe hivyo hivyo: mtego, lakini mtego unaowalipa waliotangulia, na mimi nimetangulia. Mwezi ulipoisha alipokea 10,000 zake mbele ya umma, Kasuku akitangaza kila noti. Noti hizo zilikuwa za Bata, aliyelipa wiki iliyopita. Za Bata zilipofika zamu yake zilitoka kwa Mbuzi, na za Mbuzi zilikuwa njiani, mfukoni mwa Punda. Sungura akapewa pia 1,000 kwa kila aliyemleta, akaleta tisa, akanunua pikipiki. Alipoulizwa kama biashara ni ya kweli alinyoosha kidole kwenye pikipiki. Pikipiki ilikuwa ya kweli.

Punda alisitasita. Alikuwa na akiba ya miaka ya kubeba maji, na alisema kwanza atakwenda nyumbani akashauriane na mama watoto.

"Mzee Punda," Nguchiro alimwinamia sikioni, "ofa inafungwa saa sita mchana. Na tangu lini mwanamume mzima akaomba ruhusa? Mshangaze. Usimwambie mtu mpaka pesa ziingie."

Ilikuwa saa tano na nusu. Punda alilipa vizimba vinne, 24,000, sehemu akiba yake na sehemu mkopo wa Ngiri. Pesa aliituma kwa simu, na jina lililotokea kwenye ujumbe halikuwa la Nguchiro wala la kampuni yoyote. Lilikuwa la shemeji fulani asiyejulikana kijijini. "Mhasibu wetu huyo," akasema Nguchiro. Siku iliyofuata ofa ilikuwa bado wazi.

Kisha ukaja ufito. Nguchiro alisimamisha ufito mrefu katikati ya soko, akaning'iniza kitenga juu kabisa, na ndani ya kitenga akamweka kware dume aliyeshiba mtama. Kila alfajiri dume yule aliita kijiji kizima: Nimepata! Nimepata! Kwa wengine lilikuwa tangazo la kupendeza. Manyoya ya Bi Kware yalisimama wima. Wategaji wa Busia, Siaya na Kakamega wamewatega ndugu zake hivyo tangu enzi za mababu: kware hai ndani ya vitenga juu ya ufito mrefu, wanaimba, na matanzi yamefichwa nyasini chini yao. Kware wa porini husikia mwenzao, hushuka.

"Huyo anayeita si mwongo," aliwaambia vifaranga wa Bata waliokusanyika kusikiliza. "Mtama ameula kweli. Muulizeni tu mbona hashuki."

Hawakumuuliza. Ushuhuda una raha yake.

Waliobaki na shaka waliondolewa shaka hiyo na leseni. Mheshimiwa Kiboko, msimamizi wa wanyama wa porini, alitangaza kwamba kware ni ndege wa mwituni, kwa hiyo atakayemfuga lazima apate kibali. Fomu yake ilikuwa na maswali matatu: jina, idadi ya kware, ukubwa wa kizimba. Swali la faida halikuwamo, maana halikuwa kazi ya ofisi yake. Nguchiro aliitundika leseni hiyo kwenye fremu, kando ya picha yake akimshika mkono Kiboko kwenye harusi ya mtu mwingine. "Serikali imetupitisha," akawa anasema. Foleni ya kutafuta kibali ilianzia mtoni ikapita shuleni, na kila aliyeiona foleni aliamini kwamba wote hawa hawawezi kukosea, akajiunga nyuma yao.

Msomaji aliyekuwa Kenya mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 atadhani namsengenya yeye. Sina nia hiyo, ingawa yai la kware lilifika shilingi 100, na watu walikwenda kutafuta leseni kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, kama wanyama wa Nyasini. Yai lilisemwa kuponya karibu kila kitu. Tofauti ni kwamba kule hakukuwa na Nguchiro mmoja wa kumshtaki. Aliyenunua vifaranga leo aliviuza kesho kwa jirani akimwimbia wimbo uleule, na wengi waliimba kwa moyo safi. Pesa ilikuwa kwenye kuuziana ndege na vizimba. Waliokaa mezani kula yai hawakuongezeka kwa kasi ya waliolitaga. Bei ilipoporomoka mwaka huo wa 2014 ilibaki harufu ya vizimba. Na Watanzania wasicheke. Serikali yao ilipousimamisha mpango wa upatu wa DECI mwaka 2009, maelfu walikuwa wameshakabidhi akiba zao kwa lugha ya kupanda mbegu na kusubiri mavuno. Nguchiro naye hakuwahi kutamka neno "lipa". Alisema "panda".

Turudi kwa yai. Jike la kware hutaga mayai yenye madoa ya mtindo wake mwenyewe, yanayofanana leo na kesho, kiasi kwamba mwenye jicho zuri hulijua yai la nani. Bi Kware alikuwa na jicho hilo. Siku moja, akipita nyuma ya nyumba ya Sungura, aliliona yai la binamu yake wa kizimbani, lenye baka jeusi upande mnene na mkwaruzo wa ukucha kando yake. Jioni Nguchiro alilinunua kwa 50. Siku ya tatu yai hilo lilikuwa kwa Punda, limeuzwa 100 kama yai la mbegu. Kware wa vizimbani hawana desturi ya kuatamia, na Punda hakuwa na mashine ya kuangulia, kwa hiyo akalirudisha kwa 50 na kufurahi kwamba ameuza. Wiki iliyofuata lilikuwa kwa Mbuzi. Kisha kwa Kanga. Bi Kware alilifuata nyumba kwa nyumba akitembea kwa miguu, kwa kuwa kware harukii mambo ya namna hii, mpaka akawa na uhakika. Yai limezunguka kijiji chote, limelipiwa mara sita, na halijaona sufuria.

Alilipeleka jambo hilo kwenye kikao. "Nionyesheni mlaji mmoja," alisema. "Sitaki muuzaji, sitaki wakala. Mtu mmoja aliyenunua yai hili akalichemsha, akatia chumvi, akala, na kesho akarudi kununua jingine kwa 100."

Walitazamana. Mbuzi alisema mlaji yuko mjini. Kanga alisema amesikia yuko Dubai. Sungura alisema Bi Kware ana matatizo ya kifamilia na ndugu zake wa vizimbani. Kikao kikafungwa kwa sala.

Siku ya soko iliyofuata iliangukia msimu ule ambapo vifaranga wa kwanza walianza kutaga, na Nyasini ilijua maana ya siku 17. Walikuja wauzaji 43 wa mayai ya kware na mnunuzi mmoja. Mnunuzi huyo alikuwa Fisi, na kumbe alikuwa ameingia kuuliza njia. Saa tatu asubuhi yai lilikuwa 100. Saa tano lilikuwa 40. Adhuhuri Mbuzi aliuza kwa 5, na jioni Bata alikuwa anayatoa kama nyongeza kwa anayenunua chumvi. Wote wakakimbilia kibandani na mikataba yao, na mlangoni wakakuta tangazo jipya lenye mwandiko mzuri: "Mfumo uko kwenye matengenezo. Ili kufungua malipo yako, tafadhali tuma ada ya uhakiki, shilingi 800."

Mtu anayedaiwa alikuwa anaomba apewe pesa ili aweze kulipa deni. Ukilisema hivyo ni upuuzi mtupu, na walilipa. Mbuzi alilipa. Kanga alilipa mara mbili kwa kuwa aliambiwa ya kwanza haikuonekana. Aliyekwisha kutoa 6,000 huiona 800 kuwa ndogo, na Nguchiro alijua kwamba mtu hutupa kamba ya pili kisimani kuitafuta ya kwanza.

Asubuhi ya tatu kibanda kilikuwa kimya. Walipouvunja mlango hawakukuta koti wala miwani. Walikuta trei juu ya trei za maganda matupu, yenye madoadoa, yamelambwa mpaka yanang'aa. Mlaji aliyetafutwa msimu mzima alikuwa amepatikana, na hakuwa amelipia hata moja.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida na sitayarefusha. Kasuku alisema yeye husoma tu anachopewa. Yangeyange alisema alishika yai kwa sababu aliombwa ashike yai. Kiboko alisema leseni ilikuwa ya kufuga, na wamefuga. Sungura aliipaka pikipiki rangi nyingine. Kware wa vizimbani walifunguliwa na wenye huruma, wengine waliliwa na wenye njaa.

Jambo moja tu linahitaji kukaliwa. Kijiji kilipoteza pesa nyingi na hakuna aliyekiri kupoteza. Ukimuuliza Kanga atakwambia aliweka kidogo, kwa kujaribu. Mbuzi alisema alimwekea rafiki. Punda alirudi kubeba maji kabla ya mapambazuko ili asikutane na mtu, na kwa mkewe alisema 24,000 ziko benki. Kila mmoja aliamini kwamba mjinga ni yeye peke yake, hivyo hakuna aliyekwenda kushtaki, hakuna aliyeandika namba ya shemeji kwenye karatasi, na Nguchiro alipata mwezi mzima wa kutembea taratibu.

Katika ukimya huo akarudi Fisi, sasa amevaa tai. Alifungua meza chini ya mvule: Ofisi ya Kurejesha Fedha Zilizoibwa. Alizungumza kwa upole wa mtu wa msiba. Hakuwasubiri waje, alikwenda mlango kwa mlango, na alipofika kwa Punda alishusha sauti.

"Mzee wangu, pole sana kwa zile 24,000. Tumezipata. Ziko kwenye akaunti, zinasubiri jina lako. Ada ya kuzifungua ni 500 tu."

Punda aliweka madumu chini. Hakuwa mwepesi wa mawazo, lakini alikuwa amebeba wazo moja tangu siku ile ya saa tano na nusu. "Basi kata hiyo 500 humo humo," alisema. "Nipe 23,500."

"Mfumo hauruhusu, mzee."

"Mfumo unaruhusu nikupe, hauruhusu ukate?"

"Ndivyo ulivyo."

Punda alinyamaza kwa muda. Kisha likamjia swali jingine, na hili lilimtisha zaidi. "Hiyo 24,000 umeijuaje? Mke wangu mwenyewe haijui. Anayeijua ni mimi na aliyeichukua."

Fisi aliitazama saa yake, akasema ana watu wengine wanaomsubiri, na ilikuwa kweli. Mkononi alikuwa na orodha ndefu, majina na kiasi, kwa mwandiko mzuri uleule wa tangazo la mlangoni. Nusu ya orodha ilishawekewa alama ya tiki.

Jioni ile Punda hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipiga hodi kwa Kuku, kwa sababu alikuwa amepinga waziwazi tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza akaitamka ile namba kwa sauti. Alimwomba amsaidie kuandika: tarehe, kiasi, namba ya simu, jina la shemeji, waende pamoja kwa Kiboko kabla Fisi hajamaliza orodha yake. Alijua atasimangwa, na alikuwa tayari.

Kuku alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachungulia nje, akafunga mlango na komeo lake.

"Andika na langu," alisema. "Vizimba viwili. Na Bi Kware asijue."